Korongo wa Matanga

Getruda alifariki Jumatano, tarehe kumi na nane Juni mwaka jana, saa tatu asubuhi, na ilipofika saa saba mchana nyumba yetu ilikuwa imenyamaza. Nasema imenyamaza ingawa watu walikuwa wengi. Akina mama walikuwa wanalia sebuleni, masufuria yalikuwa yanagongana uani, na wanakwaya wa jumuiya walikuwa wameshaanza nyimbo. Lakini chini ya sauti hizo zote palikuwa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia tangu tuhamie hapa Matarawe. Nilikisikia kama mtu anavyosikia redio ikizimwa chumba cha pili. Nikajiambia, kumbe kifo ndivyo kilivyo.

Naandika haya nisije nikasahau yalivyokuwa. Binti yetu Notburga, ambaye ni muuguzi Mbesa, aliniambia niandike. Alisema, "Baba, wewe huongei. Basi andika."

Mimi ni fundi redio. Niliishia kidato cha nne, nikajifunza ufundi, nikakaa kwenye kibanda changu pale sokoni miaka thelathini na moja. Watu walikuwa wakiniletea redio iliyokufa, nami naweka sikio kwenye spika kabla hata sijashika bisibisi. Naijua redio yenye waya uliolegea na redio yenye mende ndani kwa kusikiliza tu. Nayasema haya ili mtu aelewe aibu yangu ilivyo hapo mbele.

Jumanne jioni, siku moja kabla, nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake hospitalini. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekataa, lakini mdomo ulikuwa bado unamtii.

"Samaki wangu, Thadei," akasema.

"Utakwenda kuwalisha mwenyewe."

"Usinidanganye kama mtoto. Wasiishe. Ukiwaacha wakaisha, nitakuja kukusumbua."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Nikamwahidi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoongea yenye maana, kwa sababu baada ya hapo aliomba maji, na baada ya maji alilala.

Bwawa lake liko nyuma ya nyumba. Si kubwa, ni hatua kumi na mbili kwa saba, na maji ya katikati yanafika kiunoni. Alilichimbisha mwaka ule nilipofunga kibanda, akapandikiza perege, na tangu siku hiyo mimi nikawa mume wa pili. Kila asubuhi saa kumi na mbili alishika beseni la pumba, akaligonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, na maji yakachemka kwa samaki. Wa kwanza siku zote alikuwa dume mmoja mkubwa mwenye pezi lililochanika. Getruda alimwita Katekista, kwa kuwa alitangulia wenzake wote na alikuwa hafungi mdomo.

Aliwauza, aliwagawa, aliwapeleka parokiani wakati wa Pasaka, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumwonja hata mmoja. Tukitamani samaki alinituma sokoni nikanunue dagaa wa Nyasa. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Mtu hali wanaomfahamu."

Sasa narudi Jumatano ile. Saa sita hivi vijana wa jumuiya walikuja kufunga turubai. Sehemu tambarare nyumbani kwetu ni moja tu, ni hiyo pembeni mwa bwawa. Na juu ya bwawa Getruda alikuwa ametandaza tepe za kaseti, zile za kahawia zinazong'aa, kutoka kwenye mpera mpaka kwenye nguzo za jiko, mistari minane au tisa. Nilijua ni za kuzuia ndege. Nilidhani kazi yake ni kumeremeta tu. Kaseti zenyewe zilikuwa zangu, zile ambazo wateja walisahau kibandani. Aliniuliza siku moja kama bado nazihitaji, nikamwambia chukua zote.

Kijana mmoja akanijia nilipokaa. "Mzee, pole. Hizi nyuzi zinazuia turubai. Tufanyeje?"

"Kateni," nikasema.

Sikuinua hata kichwa. Wakakata, wakazivingirisha kama kiota cha ndege, wakazitupa shimoni kwenye migomba.

Tulimzika Ijumaa. Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika milima ya Matogoro na wanaume wamezunguka moto uani wanakunywa uji, korongo akatua kwenye bwawa.

Nimezaliwa huku, ndege nimeona. Lakini huyu sikuwahi kuona wa namna yake. Alikuwa wa kijivu, mrefu kiasi cha kunifika kifuani, na nyuma ya kichwa alikuwa na manyoya mawili meusi yaliyolala kama utepe wa kofia. Alishuka bila sauti kabisa. Mabawa yalifunga anga nzima ya uani kwetu, kisha yakakunjwa, na pale pa anga pakabaki ndege amesimama ukingoni kwenye maji ya mguuni kama mtu aliyefika ugenini anasubiri kukaribishwa. Kijiko kilianguka mahali fulani. Ndege hakugeuka.

Kaka yangu Pankrasi, mtu wa mizaha tangu utoto, alivua kofia. Nilidhani anatania. Akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, shemeji."

Hakuna aliyecheka.

Hilda, mdogo wake Getruda, alitoka jikoni akiwa na unga mikononi. Alimtazama ndege yule kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti palepale kwenye majivu, akaanza kulia kwa sauti ambayo hata makaburini hakuitoa.

"Dada amekuja," alisema. "Amekuja kutazama bwawa lake. Mtu asimguse. Nasema, mtu asimguse!"

Sisi ni Wakatoliki wa vizazi vitatu. Hilda mwenyewe amekulia Hanga, kengele za watawa zikimwamsha. Lakini mahoka, wale wa kwetu waliotangulia, hatujawahi kuwafungia mlango. Mnyama akija nyumbani katika siku za matanga na haogopi watu, hafukuzwi. Anaachwa mpaka arobaini, siku ile roho inapoagwa kwa misa na chakula. Hilo mimi nalijua tangu utotoni, na sikulipinga. Nitalipingaje?

Ndege alisimama. Alikuwa na utulivu ambao binadamu hana. Jicho lake la njano lilikuwa limetulia kwenye maji, na shingo imekunjwa kama mkono ulioshika kitu nyuma ya mgongo. Halafu, kabla sijapepesa, shingo ilikuwa imenyooka, na perege wa ukubwa wa kiganja alikuwa kwenye mdomo wake anang'aa. Nilimwona samaki akishuka ndani ya ile shingo nyembamba, uvimbe mdogo unaoteremka polepole mpaka ukapotea.

"Ameonja," mama mmoja akasema nyuma yangu. "Amekubali."

Na mimi, ambaye niliahidi wasiishe, nilisimama pale nikiwa nimeshika kikombe cha uji, nikatazama tu.

Alirudi Jumatatu. Alirudi Jumanne. Matanga yaliisha, turubai likafunguliwa, watu wakaaga. Notburga akarudi kazini Mbesa. Hilda akabaki nami mpaka arobaini, kama desturi inavyotaka, ili nyumba isikose mwanamke wa upande wa marehemu. Na kila siku mara tu kunapopambazuka, korongo alikuwa pale. Siku nyingine alikula wawili, siku nyingine watano. Hilda alimwekea kigoda ukingoni akakaa naye, akamwambia habari za nyumbani: nani amejifungua, nani amegombana na nani kwenye jumuiya. Korongo alisikiliza. Kwa kweli alikuwa anasikiliza maji, lakini alivyoinamisha kichwa mtu angeapa anamsikiliza yeye.

Mimi nilikuwa naligonga beseni la pumba mara tatu kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Wiki ya kwanza walikuja samaki wengi. Wiki ya pili walikuja wachache, na walikuja kwa woga, wakidokoa na kuzama. Wiki ya tatu niligonga, pumba zikaelea, zikalowa, zikazama, hakuna hata mmoja aliyezigusa. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini.

Kila jioni nilijiambia kesho nitamfukuza. Na kila asubuhi aliposhuka kutoka kwenye ukungu na mabawa yale, mkono wangu haukuinuka. Kama ni ndege tu, ninavunja ahadi yangu kila siku mbele ya macho yangu. Na kama si ndege tu, je, nimtupie jiwe mke wangu? Nilikuwa katikati, na samaki walikuwa wanaisha.

Aliyenitoa pale katikati ni jirani yetu Zena, Mama Twaha. Ni mtu wa Tunduru, mke wa mfanyabiashara wa korosho, na kwa miaka tisa yeye na Getruda walikuwa wakiongea juu ya ua kila asubuhi kama redio mbili za stesheni tofauti. Siku ile, Jumamosi ya wiki ya nne, alikuja na bakuli la maandazi kumjulia hali Hilda.

"Hodi humu! Mmeamkaje, jamani?"

"Karibu, Mama Twaha. Tumeamka salama," nikajibu.

"Salama gani na macho yako yamekuwa kama ya bundi? Hulali, Baba Notburga." Akatazama bwawani. Korongo alikuwa amesimama na Hilda amekaa kwenye kigoda chake. "Na huyu bwana bado yupo? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Polepole, Mama Twaha," Hilda akasema bila kugeuka. "Usimseme vibaya."

Hapohapo ndege akapiga. Safari hii shingo haikurudi upesi. Alikuwa amekamata kitu kizito, maji yakaruka mpaka kwenye sketi ya Hilda, na korongo akarudi nyuma hatua mbili akipepesuka, mdomo umefunguka, na katikati ya mdomo yumo dume mkubwa mwenye pezi lililochanika.

"Huyo Katekista!" Zena akapiga kelele. "Ya Rabi, anamla Katekista!"

Bakuli lilikwenda upande wake na maandazi upande wao. Alifungua kanga ya juu akaikung'uta hewani kwa nguvu zote, paa! paa!, akikimbia kuelekea bwawani na kusema maneno ya Kiyao ambayo siyajui na sijauliza maana yake. Korongo akashtuka, akafungua mdomo, akapaa. Katekista alianguka majanini. Zena alimfunika kwa kanga yake, akamkamata kwa mikono miwili kama mtoto anayekataa kuoga, akamrudisha majini. Samaki alilala kidogo ubavu, akajinyoosha, akazama.

Hilda alikuwa amesimama. "Umemfukuza dada yangu."

"Dada yako?" Zena alikuwa anahema. "Hilda, mdogo wangu, mimi si wa dini yenu na mila zenu nazisikia tu juu ya ua. Unisamehe. Lakini nakuuliza kitu kimoja. Getruda alikuwa anakula samaki wake?"

Hilda akakung'uta maji kwenye sketi.

"Nakuuliza. Miaka tisa nimekaa hapa. Aliwahi kumla hata mmoja?"

"Hakuwahi," nikasema mimi.

"Basi! Getruda aliyenifukuza mimi kwa mwiko siku niliposema Katekista angefaa kukaangwa na nazi, leo amekufa ndio aanze kumla? Tena mbichi?"

Nilimwona Hilda akijaribu kutocheka. Kicheko na kilio vilipigana usoni mwake, mwisho vikatoka vyote kwa pamoja, akakaa chini kwenye majani yenye maji.

Ndipo nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu, nilidhani ni maneno ya mimi na mke wangu tu. Nikamweleza alichosema Jumanne ile, kwamba wasiishe.

"Alikwambia hivyo kweli, shemeji?"

"Alisema nikiwaacha wakaisha atakuja kunisumbua."

Hilda alifuta uso kwa upindo wa kanga. Akatazama upande alikopaa ndege. "Sijui," akasema mwisho. "Mimi nimemwona akija. Siwezi kusema sikumwona. Labda alimtuma tu, labda mjumbe ndiye mwenye njaa. Linda samaki wake, shemeji. Lakini jiwe, hapana. Na mtego, hapana. Aondoke mwenyewe kwa heshima."

"Sawa," nikasema.

Nikaenda moja kwa moja kwenye migomba.

Tepe zilikuwa bado mle shimoni, chini ya maganda ya ndizi na sahani za karatasi za msibani. Nilizitoa zikiwa donge moja, nikazisuuza kwenye ndoo tatu za maji. Halafu sisi watatu tukakaa barazani tukalifumua donge lile kama watu wanaochambua mchele. Kazi ilichukua siku mbili. Kila baada ya urefu wa mikono miwili tulikuta fundo dogo, fundo la Getruda, lilelile alilofungia mifuko ya mbegu. Hatukufungua hata moja. Tulipokuta pamekatwa na vijana, tulifunga la kwetu, likawa baya, na Zena akasema, "Ataona tu kwamba hapa walishika wengine."

Nilihitaji tepe zaidi, kwa hiyo nikavuta lile boksi la kaseti chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa, lakini kila kasha nililoshika lilikuwa jepesi. Yote matupu. Alikuwa ameyafungua kwa bisibisi yangu, akatoa tepe, akayafunga tena vizuri na kuyapanga, kama mtu anayefua gunia na kulikunja. La chini kabisa lilikuwa na mwandiko wangu wa zamani: "Harusi, Thadei na Getruda, 1987."

Nilitikisa. Tupu.

Nikatoka nalo nikamwonyesha Hilda. Alisoma, akaziba mdomo. "Ee Mungu wangu. Dada alikata harusi!"

"Nilimwambia achukue zote," nikasema.

"Naye akachukua zote!" Zena akacheka mpaka akashika nguzo. "Umeoa mwanamke anayesikia, Baba Notburga. Wengine tunatafuta wa namna hiyo hatupati."

Nilitazama rundo la utepe wa kahawia mapajani mwangu. Mle ndani mahali fulani mna kwaya ya mwaka ule, mna sauti ya padri, mna baba yangu akitoa nasaha, mna mimi nikisema ndiyo na yeye akisema ndiyo. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua ni uzi upi. Nilitafuta hasira ndani yangu, sikuipata. Kwa miaka tisa alikuwa ameitandaza harusi yetu juu ya samaki wake, na mvua ikainyeshea, na jua likaiwakia, na hawakuliwa.

Jumatatu mchana nilifunga mistari yote. Nilivuta kila mmoja ukanyooka vizuri, bapa, kama rula, na jua likapiga ukameremeta. Nikaridhika. Jumanne asubuhi korongo alitua ukingoni, akainama chini ya mstari wa kwanza kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akaingia majini, akala mmoja.

Hilda alinitazama.

Nilikaa ukingoni siku nzima ile nikijiuliza nimekosea wapi. Mchana upepo wa kipupwe ulianza kushuka kutoka Matogoro kama ilivyo kawaida ya mwezi wa saba. Tepe zilipigapiga, zikatulia. Na hapo nikasikia kitu. Kilikuwa kidogo sana, sauti kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Nilifuata kwa sikio, mkono nimeuweka nyuma yake, kama nilivyokuwa nikitafuta ubovu wa redio. Ilitoka kwenye mpera. Kipande kimoja cha utepe wa zamani, urefu wa mkono, kilikuwa kimebaki baina ya matawi mawili ambako vijana hawakufika. Getruda alikuwa amekifunga mwenyewe. Hakikuwa bapa. Alikuwa amekisokota mara moja, nusu mzunguko tu, kisha akakikaza. Upepo ukipita, utepe uliosokotwa hivyo hautulii. Unatetemeka, na ukitetemeka unaimba.

Nilipanda juu ya kigoda cha Hilda, nikafungua mstari wa kwanza, nikausokota nusu mzunguko, nikaukaza. Ukavuma. Wa pili, ukavuma chini kidogo ya wa kwanza. Wa tatu. Wa nne. Nilipomaliza wa tisa upepo ulizidi, na yote ikashika kwa pamoja, na uani kwetu pakajaa mvumo mmoja mzito, mpana, usio na mwanzo, kama watu wengi wanaoimba na midomo imefungwa.

Niliujua. Niliujua kabla sijashuka kwenye kigoda. Ulikuwa ni ule uliokuwa ukikaa chini ya kila sauti nyumbani kwetu, mchana kutwa, upepo ulipokuwepo, miaka yote tisa. Niliuzoea mpaka sikuusikia. Mimi, mtu wa masikio. Na kimya kile cha saa saba, siku aliyofariki, ambacho nilidhani ni kifo, kilikuwa ni kazi ya mikono yake imekatwa kwa kisu, kwa ruhusa yangu.

Hilda alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Redio gani hiyo, shemeji?"

Nikaonyesha juu kwa kidole.

Kichwa cha Zena kikatokeza juu ya ua. "Hee! Kumbe ni hizo? Wallahi mimi miaka yote nilijua ni friji lenu. Nikasema hawa watu wana friji la kelele, na kwa heshima ya Getruda nimenyamaza."

Kesho yake niliamka mapema, nikakaa mlangoni na Hilda. Upepo ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo, na mvumo ulikuwa chini sana, kama mtu anayewaza. Ukungu ulikuwa mzito. Korongo alikuja kutoka juu ya paa la Zena, akateremsha miguu yake mirefu, akanyoosha mabawa kushika hewa. Alikuwa karibu sana. Niliona unyevu kwenye manyoya ya kifua chake. Ndipo upepo ukavuta pumzi, na tepe zote tisa zikaimba.

Alisimama hewani. Sijui namna nyingine ya kulisema. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, ndege mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona alining'inia juu ya bwawa la mke wangu akiwa hashuki wala hapandi, jicho la njano limefunguka, anasikiliza. Na mimi nilikuwa nasikiliza anachosikiliza. Kisha akapiga mabawa mara moja, ukungu ukazunguka chini yake, akageuka upande wa mto Ruhila na kupanda mpaka akawa mstari, na mstari ukaisha.

Hilda alikuwa amesimama. Aliinua mkono akapunga taratibu, kama watu wanavyompungia mtu aliyepanda basi.

"Nenda salama, dada," akasema. "Habari zote nimekupa."

Sikumsahihisha. Hata sasa sijui ningemsahihisha kwa lipi.

Siku ya arobaini tulisali, tukala wali na maharage na dagaa wa Nyasa, na Pankrasi akatoa hotuba ndefu kuliko ya padri. Watu walipoanza kuondoka nilimwita Hilda, nikashika beseni, nikaligonga mara tatu. Tulisubiri. Pumba zilielea. Kisha katikati ya bwawa maji yakavimba kidogo, na Katekista akatokea, ana kovu jeupe kila upande wa mgongo mahali mdomo ulipomshika, akafungua kinywa. Nyuma yake wakaja wengine. Nilihesabu arobaini na wanane. Kabla ya korongo walikuwa zaidi ya mia moja na hamsini.

Sasa ni mwezi wa tatu, na wapo wadogo ambao siwezi kuwahesabu. Tepe hulegea kila baada ya wiki tatu hivi, nami huzikaza. Siku isiyo na upepo nachukua kigoda, nakaa ukingoni nalinda mwenyewe mpaka jua lipande.